Je, wajua? Mkopo wa nyumba ndio uliolipia kitabu cha Lovecraft

H. P. Lovecraft alipofariki huko Providence, Marekani, Machi 1937, hadithi zake nyingi za kutisha zilikuwa zimetawanyika katika majarida ya bei rahisi, hasa Weird Tales. Majarida hayo yakishasomwa yalikuwa yanatupwa. Basi ilikuwaje hadithi hizo zikafika kwenye vitabu, na leo zinasomwa kwa lugha nyingi?

Jibu liko Sauk City, mji mdogo wa Wisconsin, alikozaliwa August Derleth mwaka 1909. Hadithi yake ya kwanza ilitoka Weird Tales mwaka 1926, akiwa kijana mdogo bado, na mwaka huohuo akaanza kuandikiana barua na Lovecraft. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Baada ya msiba, Derleth na mwandishi mwenzake Donald Wandrei walikusanya hadithi za marehemu wakazipeleka kwa wachapishaji wakubwa, wakakataliwa. Si ajabu. Mkusanyiko wa hadithi fupi ni mgumu kuuzika hata mwandishi akiwa hai na maarufu. Mwaka 1939 wakaamua kuchapa wenyewe, na kampuni wakaiita Arkham House, kwa jina la mji wa kubuni uliomo katika hadithi za Lovecraft.

Tupige hesabu. Kitabu cha kwanza, The Outsider and Others, kilikuwa na kurasa zaidi ya 550 na kilichapwa nakala 1,268. Bei ilikuwa dola 5, na aliyelipa kabla hakijatoka alikipata kwa dola 3.50. Wasomaji waliolengwa ni walewale waliozoea kununua jarida kwa senti 25 au chini ya hapo. Waliolipa mapema walikuwa kama 150, yaani dola 525 hivi, na mpiga chapa hasubiri mpaka kitabu kiuzwe. Derleth alikuwa amekopa benki ili ajenge nyumba. Sehemu ya fedha hizo akampa mpiga chapa. Nakala zile zilichukua takriban miaka 4 kuisha.

Kwa nini achape chache hivyo? Kupanga herufi kunagharimu kilekile, uchape nakala 500 au 5,000, kwa hiyo kila nakala ya ziada inaonekana rahisi. Mtego uko hapo. Nakala isiyouzwa ni fedha iliyolala bohari, na deni la mpiga chapa haliwezi kulipwa kwa maboksi ya vitabu. Derleth alihesabu kwanza wanunuzi anaowajua, akawatangazia kwenye Weird Tales na kuwatumia vitabu kwa posta. Kitabu chake mwenyewe cha 1941 kilichapwa nakala 1,115, cha Clark Ashton Smith mwaka uliofuata 1,054, na kitabu cha kwanza kabisa cha Ray Bradbury, mwaka 1947, 3,112.

Fungua ukurasa wa mwisho wa vitabu vingi vya Arkham House vya miaka ile. Utakuta maelezo mafupi ya idadi ya nakala kwa makadirio, jina la kiwanda, George Banta wa Menasha, aina ya herufi, karatasi, na kitambaa cheusi cha jalada. Maneno hayo yalikuwa pia mbinu ya biashara. Mnunuzi aliyesoma kwamba nakala ni 2,000 tu alijua akichelewa amekosa, maana vingi havikurudiwa kuchapwa.

Hata hivyo, miaka ya 1940 ikielekea mwisho, vitabu vilitoka vingi kwa mfululizo na madeni yakambana Derleth. Mwandishi David H. Keller ndiye aliyemwokoa kwa mkopo. Na mwaka 1970 Derleth mwenyewe aliandika kwamba tangu kampuni ianzishwe haikuwahi kuwa na mwaka ambao mapato yake yalitosheleza matumizi. Pengo alilifukia kwa kalamu yake. Aliandika riwaya za maisha ya Wisconsin, hadithi za upelelezi, mashairi, vitabu zaidi ya 100 kwa jumla. Ukweli ni kwamba kampuni haikumlisha; yeye ndiye aliyeilisha.

Lawama pia anazo, na nyingine ni za haki. Msimamizi wa miswada aliyechaguliwa na Lovecraft mwenyewe alikuwa Robert Barlow, lakini Derleth na Wandrei walimsukuma pembeni. Halafu kuna riwaya The Lurker at the Threshold ya 1945: ina maneno 50,000 hivi, na ya Lovecraft ni kama 1,200 tu, lakini jina lake liko kwenye jalada. Jina la marehemu liliuza, hilo linaeleweka, ila msomaji aliuziwa mbuzi kwenye gunia. Derleth alifariki Julai 1971. Kampuni iliendelea bila yeye, na kuanzia 1984 ikatoa upya hadithi za Lovecraft zikiwa zimesahihishwa na S. T. Joshi, kwa sababu matoleo ya awali yalikuwa yamejaa makosa ya chapa.