Zigi na Mkulumuzi: mito ya Tanga inachoka kuanzia juu

Watu wa Tanga tunaijua bahari kuliko mito yetu. Ukimuuliza mkazi wa Ngamiani maji anayokunywa yanatoka wapi, atakujibu "Mabayani". Ni kweli, lakini Mabayani ni bwawa. Maji yenyewe ni ya Mto Zigi, unaoanzia kwenye misitu ya Amani, Usambara Mashariki. Jirani yake ni Mkulumuzi, mto mdogo unaopita kwenye mapango ya Amboni. Yote miwili inaingia ghuba ya Tanga. Kazi yangu ni haidrolojia, na kinachoniuma ni kwamba mito hii tunaitaja bomba likikauka tu, wakati madhara yalishaanza siku nyingi huko milimani.

Amani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Msitu ukiwa mzima, mvua haipigi udongo moja kwa moja. Inadondokea majani, inazama ardhini polepole, kisha inatoka kwenye chemchemi hata Januari na Februari, kaskazi linapovuma na Tanga nzima inawaka jua. Hayo ndiyo maji ya kiangazi. Ukifyeka mteremko, mvua ni ile ile ila maji yote yanashuka kwa siku mbili tatu, yamebeba udongo, na kiangazi mto unabaki mwembamba.

Ufyekaji huo haukuanza jana. Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti Amani mwaka 1902, wakajenga na reli ndogo kutoka Tengeni hadi kituo cha Zigi ya kuteremshia magogo. Mashamba ya chai nayo yakachukua eneo lake. Amani ilipotangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997 tulipata nafuu, lakini haikupita miaka mingi watu wakavamia kutafuta dhahabu, wakachimbua kingo na vitanda vya vijito ili kuosha mchanga. Kwa mto, kingo zilizochimbuliwa ni jeraha la miaka mingi, kwa sababu kila masika hurudi kula palepale.

Chota maji ya Zigi mwezi wa Aprili kwenye chupa angavu, uiweke mezani. Mchanga unatua chini hapo hapo. Tope laini linafuata baada ya muda. Lakini ule weupe wa mfinyanzi unabaki umeelea hata kesho yake, maana chembe zake ni ndogo mno na zinasukumana zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo maana kwenye mtambo wa kusafisha maji hutiwa shabu: inazifanya chembe zishikane, ziwe nzito, zizame. Maji yakizidi kuwa machafu, shabu inayotumika inaongezeka, na gharama inapanda. Zile chembe nzito zenyewe huishia bwawani, kwani mto ukifika kwenye maji yaliyotulia unapoteza nguvu na kutua mzigo. Sehemu iliyojaa tope haihifadhi maji tena. Na bwawa hilo hilo, lililokamilika mwaka 1978, ndilo linalotegemewa na jiji linalokua. Sensa ya 2022 ilikuta Jiji la Tanga lina watu zaidi ya 390,000.

Halafu kuna mkonge. Korona, yaani mitambo ya kuchambua majani ya mkonge, zinahitaji maji mengi ya kuoshea singa (nyuzi zake), kwa hiyo zilijengwa karibu na mito na vijito. Katika kilo 100 za majani ya mkonge, singa ni kama kilo 4 tu. Zilizobaki ni makapi na maji machachu yenye sukari. Yakiingia mtoni, vijidudu vinaishambulia ile sukari na kumaliza oksijeni iliyomo majini, samaki wanapanda juu wakihema, kisha wanakufa. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Hesabu mwenyewe makapi yake! Kwa Mkulumuzi hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa bonde lake la chini limepita kwenye mawe ya chokaa, yale yale yaliyotobolewa na maji yakawa mapango. Chokaa yenye nyufa haichuji uchafu kama mchanga unavyochuja. Kinachomwagwa juu ya ardhi kinaweza kuibukia kwenye chemchemi kikiwa vilevile.

Mkonge ulipoanguka, korona nyingi zikafungwa. Sasa zao linafufuliwa, nami nalifurahia, ila makapi yasirudi mtoni. Kwenye shamba la mkonge la Hale walishaonyesha kwamba yanaweza kuzalisha gesi na umeme.

Sehemu inayosahaulika kabisa ni mlangoni mwa mto. Maji matamu yakipungua, bamvua, yale maji makuu ya bahari, linapandisha chumvi juu zaidi mtoni. Mikoko inavumilia chumvi, lakini inastawi pale maji yanapochanganyika, na kamba wadogo wanakulia humo humo. Mvuvi wa ghuba anaupoteza mto bila kuwahi kuteka hata ndoo moja.

Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mkulima mwenye nusu eka bondeni hawezi kuiachia sehemu hiyo kwa kuambiwa tu. Ndiyo maana naiunga mkono UWAMAKIZI, umoja wa wakulima wa mabonde ya Zigi na Kihuhwi, kijito chake,, ambao mamlaka ya maji ya Tanga imekuwa ikiusaidia ili kingo zipandwe miti. Mwaka 2024 mamlaka hiyo iliuza hatifungani ya kijani (hati za mkopo kwa miradi inayolinda mazingira) na kukusanya zaidi ya shilingi bilioni 53 za miundombinu ya maji. Kwa maoni yangu, fedha za aina hiyo zikitafutwa tena, fungu la wakulima wa juu liandikwe tangu mwanzo kama gharama ya uzalishaji, pamoja na shabu na umeme. Na kwa kuwa sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inataka maji ya kulinda viumbe vya mtoni yatengwe, kiasi kinachoachiwa chini ya Mabayani kipimwe kila siku ya kiangazi na kibandikwe hadharani, wavuvi wakisome.