Mwanao Anakwenda Chuo: Mkabidhi Kazi Kabla ya Kumnunulia Begi

Vyuo vikifunguliwa, ofisi yetu ya ushauri wa wanafunzi hupokea wazazi wengi kuliko wanafunzi. Msimu uliopita alikuja baba mmoja kutoka Kigoma, godoro la futi tatu na nusu begani, jasho linamtiririka, mwanawe nyuma yake kashika simu tu. Godoro lile lilikuwa limesafiri kwenye buti la basi na lilikatiwa nauli yake. Hosteli aliyopangiwa kijana ina magodoro. Tulicheka wote watatu, kisha mzee akaniuliza kwa sauti ya chini: "Sasa mwalimu, hapa nani atamwamsha asubuhi?"

Nilimwambia hakuna. Akanyamaza kidogo, akalitazama lile godoro.

Vijana wengi tunaowapokea wameishi kwa kengele tangu kidato cha kwanza. Kuna kengele ya kuamka, ya uji, ya paredi, ya prepo, ya kuzima taa. Akiugua kuna matroni, akichelewa kuna mwalimu wa zamu na fimbo yake. Hata wale wanaokwenda JKT kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita, nako wanaamshwa kwa filimbi. Halafu wanafika chuoni ambako kipindi cha kwanza kiko saa moja asubuhi kwenye ukumbi wa watu mia kadhaa, kinachofuata ni saa tisa alasiri, na hapo katikati hakuna anayeuliza uko wapi. Usipohudhuria, mhadhiri hakutafuti. Utajuana na matokeo.

Ndiyo maana nawaambia wazazi kwamba maandalizi ya chuo hayaanzii Kariakoo. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, matokeo hutoka Julai, vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Hata ukitoa muda wa JKT, kuna wiki kadhaa kijana yuko nyumbani, amelala hadi saa nne na remoti mkononi, na sisi tunasema mwacheni apumzike, amesoma sana. Apumzike wiki mbili. Zikiisha, mkabidhi nyumba.

Nasema nyumba nikimaanisha pesa. Mpe fedha ya matumizi ya wiki nzima, ile ile unayotumia wewe, na umwache aende sokoni, anunue luku, alipie maji, atenge nauli za wadogo zake. Usimwongezee. Ikikata Alhamisi, basi familia nzima ile maharage mpaka Jumapili, na hakuna ugomvi. Mama mmoja alinisimulia kwamba wiki ya kwanza binti yake alinunua kuku wawili Jumatatu, na kufikia Ijumaa alikuwa anamwomba mdogo wake wa darasa la tano amkopeshe hela ya mafuta ya kupikia kutoka kwenye kibubu. Wiki ya tatu alikuwa anajua bei ya kila kitu hadi ya nyanya za fungu. Kosa lile lilimgharimu kuku wawili. Lingefanyika chuoni lingemgharimu mwezi.

Mwezi kwa sababu ya bumu, yaani ile posho ya mkopo. Mwanafunzi mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hapewi posho ya chakula na malazi kila siku. Inahesabiwa kwa siku, lakini inaingia kwenye akaunti kwa mkupuo. Kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa siku, mkupuo wa siku 60 ni shilingi 600,000. Kijana ambaye hajawahi kushika laki moja iliyo yake anaamka siku moja na laki sita. Wiki hiyo chuo kizima kinanuka chipsi kuku. Ukimuuliza anakwambia ana hela. Mfundishe kugawa kabla hajaiona: laki sita ni elfu sabini kwa wiki, kwa wiki nane na siku nne, na humo mna chakula, sabuni, vocha, nauli ya daladala na kodi kama hakupata hosteli ya chuo. Akiiandika hesabu hiyo kwa mkono wake mwenyewe, laki sita inaanza kuonekana ndogo.

Jambo la pili kuhusu bumu ni kwamba halimsubiri mtu getini. Mwanafunzi hana budi asajiliwe kwanza, taarifa zake za benki ziwe sahihi, kisha asaini. Jina likipishana herufi moja na lile la akaunti, foleni inaanza upya. Kwa hiyo hata mwenye mkopo kamili asije mikono mitupu. Aje na fedha ya kula ya wiki tatu au nne. Nimekwisha kuona watoto waliofika na nauli tu, wakiamini bumu litawakuta kituo cha basi, wakashinda kwa chai na andazi mpaka aibu ikawaisha ndipo wakaja ofisini kwetu.

Wapo pia waliokosa mkopo au waliopata sehemu tu. Bodi hutangaza majina kwa awamu na hufungua dirisha la rufaa, hivyo kukosa awamu ya kwanza si mwisho wa safari. Na wewe mzazi uliyesaini kama mdhamini, isome ile karatasi. Mkopo ni mkopo: akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi mpaka deni liishe. Jina "bumu" limewafanya vijana waisikie kama zawadi ya sikukuu.

Sasa majina. Kama kuna kitu kimoja ningependa kila familia ikifanye kabla ya kununua hata shuka, ni kuweka mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, namba ya NIDA na kadi ya benki, kisha kusoma majina kwa kidole, herufi kwa herufi. Cheti kinasema Mohamed, NIDA inasema Mohammed, benki inasema Muhamed. Nyumbani ni mtoto mmoja, kwenye mfumo ni watu watatu. Marekebisho yanaweza kuhitaji hati ya kiapo kwa wakili, pengine hati ya kubadili jina, na uhakiki wa RITA, wakala wa serikali wa vyeti vya kuzaliwa, na kila moja ina foleni yake. Mwache kijana aizunguke foleni hiyo mwenyewe, wewe msindikize mara ya kwanza tu. Fomu ya afya nayo ijazwe na daktari mapema, siyo dirishani siku ya usajili. Kuhusu bima, kwa miaka mingi mwanafunzi amekuwa akilipa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa NHIF. Fuateni kiasi kilichoandikwa kwenye maelekezo ya kujiunga.

Malipo yote ya chuo cha umma hupitia namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontrol namba. Akipiga mtu simu anasema ni wa ofisi ya malazi, chumba kimebaki kimoja, tuma elfu hamsini kwenye namba hii haraka, huyo ni tapeli, hata kama anajua jina la mwanao na kozi yake. Orodha za waliochaguliwa huwekwa hadharani, kujua jina si ajabu.

Vitu vya kubeba nitavipita haraka, maana wazazi mnavijua kuliko mimi: shuka mbili, chandarua, ndoo, ndala, pasi kama hosteli inaruhusu. Jiko la koili liacheni nyumbani, hosteli nyingi zinalikataza na litachukuliwa. Godoro ulizeni kwanza.

Nirudi kwenye pesa, maana ndiko wengi wanakoteleza. Kuna matundu mawili ambayo wazazi wa umri wangu hatukuyakuta. La kwanza ni kubeti. Kijana anatupia mkeka, yaani tiketi ya kubashiri mechi, wa elfu moja, anashinda elfu thelathini, na kuanzia siku hiyo bumu linaonekana kama mtaji. La pili ni mikopo ya kwenye simu, kausha damu. Unapakua programu, unaipa ruhusa ya kusoma namba zako zote, unapewa elfu hamsini jioni hiyo hiyo. Ukichelewa kulipa, wanaanza kumtumia ujumbe mjomba, mchungaji na mwalimu wako wa zamani kwamba wewe ni mwizi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za namna hii zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Zungumza na mwanao kuhusu haya kabla hajaondoka, na uongee kama mtu anayejua kwamba majaribu yapo. Ukianza kwa kusema "nikisikia umebeti nakuua," umejihakikishia kwamba hutasikia.

Najua nazungumza na watu waliochoka. Nyumba yenye mtoto anayekwenda chuo mara nyingi ina wengine pia. Wa darasa la saba amemaliza mtihani Septemba na anasubiri kupangiwa shule, wa kidato cha nne anaingia kwenye mtihani Novemba, na Januari shule zinafunguliwa kwa sare, madaftari na michango. Tena kuna jambo ambalo halisemwi sana: ada shule za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na sita kuanzia mwaka wa fedha 2022/2023. Kwa mzazi aliyesomesha huko, ada ya chuo ni ada kubwa ya kwanza maishani mwake kwa mtoto huyu, na inamkuta miezi miwili kabla ya Januari. Ulizeni chuo kama ada inalipwa kwa awamu. Vingi vinaruhusu, ila havitakufuata nyumbani kukuambia. Na mketi na watoto wote, muwatajie kiasi kilichopo. Nimegundua kwamba mwanafunzi anayejua mshahara wa baba yake ni shilingi ngapi hupiga simu za "naomba hela" kwa adabu tofauti kabisa.

Kuhusu masomo, mzazi aelewe kwamba hakuna ripoti itakayotumwa kwake. Matokeo yanaingia kwenye akaunti ya mwanafunzi, na chuo kinamhesabu mwanao kuwa mtu mzima. Akifeli somo anafanya mtihani wa marudio, wao husema "nina sapu". Wastani ukishuka chini ya kiwango cha chuo, anaondolewa masomoni, ndiyo kudisko. Wapo waliodisko wakaendelea kuaga nyumbani na kupokea hela ya chuo kwa miezi, kwa sababu hawakujua waanzie wapi kumwambia baba. Mweleze mapema kwamba sapu ni habari anayoweza kukuletea. Mweleze pia kwamba taratibu za chuo zinaruhusu kuahirisha masomo kwa sababu za msingi kama ugonjwa au msiba. Kuahirisha kwa barua ni tofauti sana na kutoweka, na tofauti hiyo huonekana siku anayotaka kurudi.

Kwa binti, na hata kwa kijana wa kiume, yako mazungumzo ambayo mzazi huyaruka kwa aibu. Mhadhiri au mtumishi yeyote akidai ngono ili atoe alama au huduma, hilo ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Kuna madawati ya jinsia vyuoni, na kuna namba ya bure ya TAKUKURU, 113. Iandikeni kwenye simu kabla basi halijaondoka. Asipoihitaji, haina hasara.

Mkishamfikisha, ondokeni. Ninasema hivi nikiwa nimempeleka wangu mwenyewe na nikazunguka hosteli mara tatu nikitafuta kisingizio cha kupanda tena ngazi. Wiki mbili za kwanza atapiga simu analia kwamba chumba kina watu sita, maji hayatoki, kozi siyo aliyoitaka. Sikiliza. Usimtumie nauli ya kurudi usiku huo. Kama kozi kweli siyo yake, kuna dirisha la kubadili na hufungwa mapema, kwa hiyo mwambie aende kwa mshauri wa wanafunzi wiki hiyo hiyo. Kama ni watu sita na maji, kufikia wiki ya sita utasikia amekwishapata wa kugawana naye ndoo. Wakati huo ndio mzuri wa kumtembelea. Ukimpigia, acha "umekula?" kwa siku moja, muulize "kipindi cha leo kilikuwa cha nini?" Ukimya utakaofuata utakuambia mengi.

Desemba msimsubiri sana. Chuo kilichofunguliwa Novemba kinaweza kutoa siku chache tu za sikukuu, na mabasi ya Moshi na Bukoba wiki hiyo mnayajua, tiketi inatafutwa kama dawa. Mitihani ya muhula wa kwanza mara nyingi inaangukia Februari, na akimaliza nauli zimetulia na foleni ya Ubungo na Mbezi imepungua. Yule baba wa Kigoma alimpokea mwanawe wakati huo. Alinipigia kuniambia kijana amerudi na sapu moja, na kwamba siku ya pili aliamka saa kumi na mbili, akafagia uwanja bila kutumwa. Akaniuliza kama godoro lao bado liko stoo kwetu. Lipo. Analilalia mlinzi wa usiku.