Seli Hujuaje Iwe Nini? Tazama Jicho la Nzi

Pita Buguruni au Kariakoo msimu wa maembe, utawaona nzi wadogo wenye macho mekundu wakizengea ndizi zilizoiva kupita kiasi. Usiwachanganye na wale wanaotaga ndani ya embe likiwa bado mtini. Hao ni wa jamii nyingine, na ndio wanaomtia mkulima hasara. Hawa wadogo, Drosophila melanogaster, wanafuata hamira kwenye tunda linalochacha.

Jicho moja la nzi huyu lina vijicho karibu 800, na kila kijicho kina seli 8 za kupokea mwanga. Hakuna seli inayozaliwa ikijua kazi yake. Seli ya nane ndiyo inayotangulia, ya saba hufuata mwisho kabisa. Kwenye utando wa seli ya nane kumechomoza protini fulani. Jirani yake ana kipokezi chake, yaani protini ya kuipokea ishara hiyo. Vikigusana, kipokezi kinaamsha protini iitwayo Ras, nayo inaamsha vimeng'enya, kimoja baada ya kingine, mpaka taarifa ifike kwenye kiini na jeni zinazohusika ziwake. Jirani huyo anakuwa seli ya saba, inayoona mwanga wa urujuanimno. Kipokezi kikiharibika, seli haifi: inaishia kutengeneza lenzi.

Sasa, Ras hiyohiyo, kwenye tishu nyingine za buu, inaiamuru seli igawanyike. Wanafunzi wengi hukwama hapa, na siwalaumu. Jibu la seli hutegemea iko wapi, imepokea nini kabla, na ishara imedumu kwa muda gani.

Ipo pia njia ya Hippo, yaani mfuatano mwingine wa protini zinazopokezana ishara kama ule wa Ras, ambayo kazi yake ni kuzuia ukuaji. Ikikatika, seli zinaendelea kugawanyika na zilizopaswa kufa hazifi, kichwa cha nzi kikavimba na kujaa mikunjo.

Sisi binadamu tunazo njia zote mbili. Ras iliyokwama ikiwa imewaka hukutwa katika saratani nyingi, hasa ya kongosho. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha sotorasib, dawa inayolenga aina mojawapo ya Ras iliyoharibika, kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya mapafu. Dawa hiyo haikutoka kwa nzi moja kwa moja, ila kujua nani anamwamsha nani ndani ya seli kulitokana kwa sehemu kubwa na macho yao.

Mwalimu wa baiolojia anayetaka kuwafuga, chupa, ndizi na hamira vinatosha. Kwenye nyuzi 25, yai huwa nzi kamili kwa siku 10 hivi. Kwa joto letu la Januari, tafuta chumba chenye ubaridi. Likizidi sana, hawazai.