Kolonoskopi bila maumivu mengi: dhana potofu kuhusu hewa, maji, usingizi na polipu

Polipu ni kinyama kinachoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo mpana. Nyingi hazileti shida, ila zile zinazoitwa adenoma zinaweza kugeuka saratani polepole, kwa miaka mingi. Kolonoskopi, kipimo ambacho mrija wenye kamera huingizwa kupitia njia ya haja kubwa, huzitafuta na kuziondoa papo hapo, na hapo ndipo ilipo thamani yake. Lakini namna kipimo kinavyofanywa hutofautiana sana, na kuhusu tofauti hizo watu hupeana maneno mengi yasiyo sahihi.

Dhana: Kikiuma sana, ujue daktari amepima kwa makini

Ni kinyume chake. Ukuta wa ndani wa utumbo hausikii kukatwa. Polipu inaweza kuondolewa mgonjwa akiwa macho kabisa, akitazama skrini, na asihisi chochote. Kinachouma ni utumbo kutanuka na kuvutwa. Mara nyingi chanzo ni sehemu ya chini upande wa kushoto, ambako utumbo una kona nyingi na haujashikiliwa imara. Mrija ukifika pale hujikunja na kufanya kitanzi. Daktari anasukuma, lakini picha haisongi mbele. Wakati mwingine inarudi nyuma. Nguvu yote inaishia kwenye kitanzi, na kitanzi kinauvuta utando unaoshikilia utumbo.

Mwenye mkono mzuri hasukumi zaidi. Huvuta mrija nyuma huku akiuzungusha kidogo hadi unyooke, au humwomba muuguzi akandamize tumbo, au mgonjwa ageuzwe ubavu. Maumivu makali, basi, hueleza habari za kitanzi na hewa iliyozidi. Hayaelezi lolote kuhusu umakini wa aliyepima.

Dhana: Bila kujaza hewa, utumbo hauwezi kupimwa

Kwa miaka mingi utumbo ulitanuliwa kwa hewa ya kawaida tu, na bado iko sehemu nyingi. Tatizo lake ni kwamba karibu asilimia 78 ya hewa hiyo ni naitrojeni, ambayo mwili huifyonza kwa taabu. Kwa hiyo kipimo kinakwisha lakini tumbo linabaki limejaa kwa saa kadhaa.

Mbadala wa kwanza ni kaboni dayoksaidi. Hii hupita upesi kwenye ukuta wa utumbo, ikaingia kwenye damu na kutolewa kwa pumzi. Wanaopimwa kwa gesi hii huwa na malalamiko machache zaidi baada ya kipimo. Mwenye ugonjwa mkubwa wa mapafu amweleze daktari mapema, kwa sababu gesi hiyo hutolewa kupitia mapafu. Ila tusiipe sifa isiyo yake: inasaidia starehe, haimsaidii daktari kuona polipu nyingi zaidi.

Mbadala wa pili ni maji, na hapa ndipo mambo yanapovutia. Maji hutumika kwa njia mbili ambazo watu huzichanganya. Katika ya kwanza, maji hutiwa wakati mrija unaingia, kisha hunyonywa wakati unatoka. Katika ya pili, njia ya kubadilisha maji, hewa haiwashwi kabisa mrija unapoingia. Maji safi yanatiwa, machafu yananyonywa palepale, na mapovu ya hewa yaliyobaki yananyonywa pia. Hewa au gesi huja baadaye, wakati wa kutoka na kukagua.

Mgonjwa akiwa amelalia ubavu wa kushoto, uzito wa maji huishusha ile sehemu yenye kona na kuinyoosha kiasi. Utumbo usiojazwa hewa haurefuki, na vitanzi hupungua. Katika majaribio yaliyolinganisha njia hizi, kubadilisha maji kulileta maumivu machache kuliko hewa wakati wa kuingiza mrija, na pia kuliongeza idadi ya watu waliokutwa na adenoma. Ile njia ya kwanza ya maji hupunguza maumivu pia, lakini kwenye ugunduzi haifui dafu. Sababu moja ni usafi: kubadilisha maji huosha ukuta njiani, na daktari anaporudi anakuta pa kutazama. Gharama yake ni muda, maana kuingia huchukua dakika kadhaa zaidi. Kwa maoni yangu ni dakika zilizotumika vizuri, hasa kwa mtu anayepimwa bila dawa ya usingizi.

Dhana: Ukilala fofofo, polipu zitaonekana zaidi

Dawa ya usingizi ni ya starehe, na hakuna aibu kuitaka. Lakini kulala usingizi mzito hakujathibitika kuongeza ugunduzi. Aliye macho ana faida zake: anaweza kugeuka akiombwa, na anaondoka mapema akiwa na akili timamu.

Dhana: Kazi ni kufika mwisho wa utumbo, kutoka ni kutoka tu

Ukaguzi wenyewe hufanyika wakati wa kutoka. Mwaka 2006 madaktari 12 wa Illinois, Marekani, walilinganishwa. Wale ambao kwa wastani walitumia dakika 6 au zaidi kutoa mrija walikuta adenoma au saratani kwa asilimia 28.3 ya watu, na waliofanya haraka kwa asilimia 11.8. Miongozo ya Marekani ya 2024 imeongeza wastani huo hadi dakika 8.

Dakika hizo huenda kwenye mikunjo. Upande wa kulia kuna polipu bapa, rangi yake karibu sawa na ukuta, zimefunikwa ute wa manjano unaofanana na uchafu uliobaki. Mwenye haraka hupita. Asiye na haraka anauosha ule ute, na chini yake anakuta mishipa midogo ya damu imekatika ghafla ukingoni. Madaktari wengi hurudi kukagua upande huo mara ya pili.

Dhana: Akili unde haikosei

Kompyuta huchora kisanduku kwenye skrini pale inapohisi polipu, na kwa jumla huongeza ugunduzi, hasa wa polipu ndogo. Lakini haioni kilicho nyuma ya mkunjo ambao kamera haikuufungua, na mara nyingine huchorea kisanduku povu. Kofia ndogo ya plastiki inayovalishwa ncha ya mrija haina sifa za kisasa kama hizo, ila hulaza mikunjo ili kamera ione nyuma yake. Na uchafu ukibaki, vyote viwili havifui dafu: nusu ya dawa ya kusafisha utumbo inywewe jioni ya siku iliyotangulia, na nusu nyingine saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo.

Dhana: Wakisema utumbo ni safi, basi hakuna kitu kabisa

Watu walipopimwa mara mbili mfululizo, ilionekana kwamba takriban polipu 22 kati ya 100 zilipitwa mara ya kwanza. Nyingi zilikuwa ndogo. Kwa adenoma za milimita 10 au zaidi zilikuwa kama 2 tu kati ya 100.

Hapo ndipo daktari anapotofautiana na daktari. Kiwango cha ugunduzi wa adenoma ni asilimia ya watu ambao daktari huwakuta na angalau moja, na utafiti wa Marekani wa 2014 uliohusisha kolonoskopi zaidi ya 300,000 ulionyesha kuwa kila asilimia moja inayoongezeka kwenye kiwango hicho iliambatana na upungufu wa asilimia 3 wa saratani baadaye. Miongozo ya 2024 inataka angalau asilimia 35. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kiwango cha daktari wake, kama anavyoweza kuuliza kama watatumia hewa, gesi au maji. Na aliyeambiwa arudi baada ya miaka 10, kisha akaona damu kwenye choo mwaka wa tatu, aende hospitali mwaka huohuo.