"Mwalimu, sikio la muziki sikujaliwa": si kweli

Maneno haya nimeyachoka. Naambiwa na wanakwaya Kisauni, na watu wazima wanaokuja kujifunza kupiga udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, Mji wa Kale, na wazazi wanaomkatia mtoto tamaa naye yupo papo hapo anasikia. Hilo la wazazi ndilo linaloniudhi zaidi.

Haya, nijibu: kaswida ikipotea sauti maulidini, hukunji uso? Ala zikilia peke yake, bila maneno, huutambui wimbo? Basi sikio unalo. Wapo kweli ambao ubongo wao hautofautishi noti. Hali hiyo huitwa amusia, nayo ni ya watu wachache mno. Lakini wimbo ukiharibika, wao hawashtuki. Wewe unashtuka.

Kinachokushinda ni koo. Noti umeisikia sawasawa, ila misuli ya sauti haijajua ikaze kiasi gani ili kuifikia, na haitajua mpaka ifundishwe. Ndiyo maana noti ikilia namwambia mwanafunzi anyamaze kwanza. Isikilize mpaka ifie, iache iendelee kichwani, ndipo uiimbe taratibu, mdomo umefumba. Wengi huidakia ingali inalia, kisha hulaumu maumbile! Tena noti iwe ya kimo chako. Mwanamume wa besi akipewa sauti ya mtoto aifuate, atatapatapa tu. Dakika 10 kila siku zitakufaa kuliko saa 2 za Jumamosi.

Wengine hudhani mwenye sikio ni yule anayetaja jina la noti yoyote bila kusaidiwa. Uwezo huo ni nadra sana, na waimbaji wengi wazuri hawana. Kinachotakiwa ni kusikia umbali: ukishapewa do, ujue so iko wapi. Hilo hufundishika hata kwa babu mwenye wajukuu.

Halafu kuna kinanda, ambacho watu wamekifanya hakimu. Shingo ya udi haina vigawanyo, vile vijiti vya kutenga noti kama vya gitaa. Kidole hutua popote sikio linapotaka. Bayati, mojawapo ya ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, ikianzia re, noti yake ya pili huangukia kati ya kibonyezo cheusi na cheupe, mahali ambapo kinanda cha kawaida hakina kitu. Aliyezoea kinanda pekee husema mpiga udi kakosea. Hajakosea. Anayetaka kuimba taarabu ajipime kwa udi au fidla, na ile programu ya simu ya kupimia noti aizime.