Nukta haiondoi kosa, inabadilisha swali

Mwanafunzi mwingine hapa Dodoma ameniletea programu ya Octave (lugha ya kompyuta ya kukokotoa matriki, yaani majedwali ya namba) iliyojaa nukta, na nilipomuuliza kwa nini ameandika A.^2 badala ya A^2, alinijibu kwamba ndivyo wanavyofundishana: kosa likitokea, weka nukta, litaondoka. Ushauri huu nimeusikia kupita kiasi, nao unaharibu kazi za watu makini.

A^2 ni matriki kuzidishwa kwa yenyewe, A.^2 ni kila elementi kuzidishwa kwa yenyewe. Kwa vekta, yaani safu moja ya namba, tofauti hujitokeza mara moja, kwa kuwa x^2 haina maana na programu huikataa. Kwa matriki mraba, zote mbili hukubalika, majibu huwa na ukubwa ule ule, na hakuna onyo lolote. NumPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, ina utaratibu wake: A**2 hushughulikia elementi mojamoja, ilhali A @ A ndiyo kuzidisha matriki.

Madhara makubwa zaidi yako kwenye exp, fankisheni ya eksponenti ya kila elementi, inayochanganywa na expm, ambayo ni eksponenti ya matriki nzima. Chukua matriki ya 2 kwa 2 yenye sifuri kila mahali isipokuwa 1 katika pembe ya juu kulia. exp(A) hutoa 1 kila penye sifuri, na takriban 2.718 penye ile 1. expm(A) hutoa 1 katika ulalo mkuu, 1 katika pembe ya juu kulia, na 0 chini kushoto. Anayetatua mlinganyo wa mabadiliko dx/dt = Ax anahitaji jibu hili la pili, kwa sababu ndilo linalotokana na jumla ya I + A + A²/2 na kuendelea (I ni matriki yenye 1 katika ulalo mkuu na 0 kwingineko), ambayo hapa hukoma mapema kwa kuwa A² ni sifuri. Jibu la kwanza litachora grafu laini, yenye kupendeza, isiyohusiana kabisa na mfumo unaochunguzwa.

Hata expm yenyewe haistahili kuaminiwa bila kuhojiwa. Mwaka 1978, wanahisabati Cleve Moler na Charles Van Loan walichambua njia 19 za kukokotoa eksponenti ya matriki, na wakazitilia shaka zote. Njia inayotumika sana leo huigawa matriki kwa kipeo cha 2 hadi iwe ndogo, hukadiria kwa uwiano wa Padé (polinomia moja kugawanywa kwa nyingine), kisha hulizidisha jibu kwa lenyewe mara kadhaa. Hatua hiyo ya mwisho inaweza kukuza makosa ya kukadiria desimali, nami sina kanuni ya kunihakikishia mapema kwamba haitafanya hivyo. Kipeuo cha pili cha matriki ni kigumu zaidi: matriki yetu ya hapo juu haina hata kimoja, na matriki I ina vipeuo visivyo na idadi.

Ukubwa nao uangaliwe. Ukitoa safumlalo ya wastani wa mvua wa miezi 12 kutoka safuwima ya mvua ya miezi 12, Octave haitalalamika bali itakupa jedwali la 12 kwa 12. Na kwa kuwa kiangazi chetu ni kirefu, namba nyingi zilizo karibu na sifuri hazitamshtua mtu.

Kabla ya kuendesha programu yako, ipe matriki ya sifuri tupu. Eksponenti yake ni I. Ukiona 1 kila mahali, umeita fankisheni isiyo yako.