Je, wajua kwa nini doa la binzari hugeuka jekundu likipakwa sabuni?

Mchuzi umedondokea shati jeupe. Doa ni la manjano. Unakimbilia sabuni ya mche, unasugua, na badala ya kufifia doa linakuwa jekundu kama kutu. Wengi hapo huona nguo imeharibika. Kamulia limau, utashangaa: umanjano unarudi.

Rangi ya binzari ina tabia hiyo tangu jadi. Kwenye tindikali, au kwenye maji matupu, hubaki ya manjano; ikikutana na besi, kinyume cha tindikali, huwa nyekundu. Kwa hiyo doa limekuambia kwamba maji ya sabuni yana besi. Lakini ngoja kidogo: kwa mkemia, sabuni ni chumvi. Na tulifundishwa kwamba chumvi ni kile kinachobaki tindikali na besi zikishamalizana. Kama zimemalizana, ubesi huu umetoka wapi?

Hapa ndipo somo la shuleni hutuacha njiani. "Asidi jumlisha besi ni chumvi na maji," kengele inalia, tunafunga daftari. Hatuambiwi kwamba chumvi ni nyingi na kila moja ina wazazi wake. Chumvi ya mezani imezaliwa na tindikali ya haidrokloriki na kostiki soda. Magadi yana mzazi huyo huyo wa kostiki, ila mwenzake ni tindikali ya kaboni, ile inayopatikana kwenye soda yenye mapovu. Sabuni nayo ni kostiki na tindikali za mafuta. Tofauti yote iko kwa yule mzazi wa pili.

Tindikali huitwa kali ikiwa inaachia haidrojeni yake bila kusita. Haidrokloriki ni ya namna hiyo: ikiingia majini inagawa yote, na kloraidi inayobaki haina hamu ya kuirudisha. Ndiyo maana maji ya chumvi ya mezani hayaegemei upande wowote. Tindikali ya kaboni ni dhaifu, na udhaifu wake ni ubahili, kwa kuwa hushikilia haidrojeni kwa nguvu. Ukishaipokonya, mabaki yake, yaani kaboneti, hayatulii. Yakikosa pengine pa kupata haidrojeni huinyang'anya molekuli ya maji, na maji yaliyonyang'anywa huacha nyuma haidroksaidi. Hiyo haidroksaidi ndiyo besi yenyewe. Wengi hulitazamia jambo hili kinyume, lakini mtoto wa tindikali kali ndiye mpole, na mtoto wa tindikali dhaifu ndiye msumbufu. Tindikali za mafuta nazo ni dhaifu, ndiyo maana sabuni iligeuza doa.

Usumbufu huo hupimwa kwa pH, kipimo alichokibuni Søren Sørensen mwaka 1909 katika maabara ya Carlsberg, mjini Copenhagen. (Naam, maabara ya kiwanda cha bia.) Katika nyuzi 25 za Selsiasi maji safi yana pH 7, chini yake ni tindikali, juu yake ni besi, na kila hatua moja ni mara kumi. Sasa chukua gramu 10.6 za sodiamu kaboneti safi, ile chumvi ya kwenye magadi, uziyeyushe upate lita moja. pH inapanda hadi kama 11.6. Katika kila ioni (chembe zenye chaji ya umeme) 100 za kaboneti ni 4 au 5 tu zilizofanikiwa kunyang'anya, lakini haidroksaidi imezidi ile ya maji safi zaidi ya mara 40,000. Sodiamu bikaboneti, ile ya kuumulia keki, ni kaboneti iliyokwisha kupata haidrojeni moja, kwa hiyo imepoa: pH yake ni kama 8.3.

Ubesi huo ndio unaolainisha maharage na kande upesi, maana unavunja pektini, gundi inayoshikamanisha ukuta wa punje. Unavunja na vitamini B1 pia, ndiyo sababu mpishi hutia magadi kidogo tu.

Mambo yakigeuka, besi ikawa ndiyo dhaifu, chumvi hutoa tindikali. Mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia, imetokana na amonia, besi dhaifu, na tindikali kali ya salfuriki. Ioni ya amonia huachia haidrojeni yake majini, na pH inashuka hadi kati ya 5 na 6. Shambani SA huongeza uchachu zaidi ya hapo, lakini hiyo ni kazi ya bakteria wa udongo wanaoigeuza amonia kuwa naitreti. Shabu, ile ya kutuliza tope la maji, hushuka hata kufikia 3 hivi: ioni ya alumini iliyomo huyavuta maji kwa nguvu mpaka yanadondosha haidrojeni. Iguse kwa ncha ya ulimi, utajua.

Mitungi mikubwa ya jambo hili iko Bonde la Ufa. Maziwa ya Magadi nchini Kenya na Natron nchini Tanzania hupokea maji yenye sodiamu na kaboneti, hayana mto wa kuyatoa, na jua huyakausha hadi magadi yanaganda kama sakafu. pH ya maji hufika 10. Bahari, ingawa ni ya chumvi, haipiti sana 8.1, kwa sababu chumvi yake nyingi ni ile pole ya mezani.

Katika Ziwa Magadi huishi samaki mdogo wa ukoo wa perege. Samaki wengine hutoa taka zao kama amonia kupitia mashavuni, ambayo hupotelea majini ikishapata haidrojeni. Maji ya magadi hayana haidrojeni ya kuipa, kwa hiyo amonia ingebaki mwilini na kumuua. Yeye hutoa urea, kama binadamu.